Kuzimua wino wa kaboni kwa picha nyeusi na nyeupe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Printa inayozungumziwa hapa ni ya Epson yenye matangi sita, mfano L805 au L1800, iliyotolewa wino wa rangi ikajazwa wino mweusi wa kaboni wa viwango sita, kuanzia mzito kama lami hadi mwepesi kama maji ya kunawia. Wanaouliza wengi ni wenye studio ndogo na watu waliorithi boksi la negativu za wazee. Nimeyajibu maswali kwa mpangilio ule ule ambao huwa yananijia.

Kwa nini nisichape tu kwa wino wa rangi uliokuja na printa?

Chapa. Kwa picha ya kubandika ukutani mwaka mmoja inatosha kabisa. Shida huanza mteja anapoitoa nje.

Printa ya rangi ya kawaida haina kijivu. Kijivu inakitengeneza kwa kuchanganya samawati, zambarau-nyekundu na njano kwa vipimo vya kukaribiana, halafu inaongeza nyeusi kidogo. Mchanganyiko huo unaonekana kijivu chini ya mwanga mmoja tu. Mbele ya dirisha uso wa bibi ni kijivu safi, ukiuweka chini ya taa ya LED ya dukani umegeuka kijani kama mwani, na jioni chini ya balbu ya njano umekuwa wa waridi. Hata printa za gharama zimepitia aibu hii: Epson Stylus Photo 2000P ya mwaka 2000 ilisifiwa kwa wino wa kudumu, lakini picha zake nyeusi na nyeupe ziligeuka kijani zikipigwa na mwanga wa mchana. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilileta wino wa K3, wenye nyeusi moja na kijivu mbili, na tatizo likapungua sana. Printa zile ni za bei ambayo studio nyingi za kwetu haziwezi.

Ukitumia kaboni peke yake, hakuna rangi za kugombana. Kijivu ni ule ule mweusi uliozimuliwa.

Nikichagua "nyeusi tu" kwenye kompyuta, si inatosha?

Anza hapo kabla hujatumia hata shilingi, maana utajifunza mengi. Tatizo ni sehemu nyeupe za picha: shavu lenye mwanga, kanzu, anga. Ili kupata kijivu chepesi kwa wino mzito, printa inatawanya vitone vyeusi mbalimbali, na jicho linaviona kama vumbi. L1800 inatoa kitone kidogo cha pikolita 1.5 (pikolita ni sehemu moja ya trilioni ya lita), kwa hiyo kwa picha ya ukubwa wa A4 inayotazamwa kwa umbali wa mkono matokeo si mabaya, hasa kwenye karatasi isiyong'aa. Wako wapigapicha wanaoipenda chembechembe hiyo kwa sababu inafanana na filamu ya zamani. Mimi siipendi kwenye nyuso.

Wino uliozimuliwa ndio dawa yake. Pale ambapo kitone kimoja cheusi kingesimama peke yake, unapata vitone vingi vyepesi vilivyobanana, na ngozi inateremka kutoka mwanga hadi kivuli bila ngazi.

Picha za babu za studio hazijafifia. Zangu za printa zimefifia ndani ya miaka mitatu. Tofauti ni nini?

Picha za zamani, kama zile za Capital Art Studio ya Unguja aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, weusi wake ni madini ya fedha yaliyokaa ndani ya tabaka la jelatini. Wino wa matangi ya L805 na L1800, ule wa T673, ni wa dai: rangi iliyoyeyuka kabisa majini kama sukari kwenye chai. Mwanga na hewa huzivunja molekuli zake moja moja. Na hazivunjiki kwa kasi sawa, ndiyo maana kijivu kinageuka rangi kabla hakijafifia.

Wino wa pigmenti ni chembe ngumu zisizoyeyuka, zinazoelea kwenye kimiminika. Chembe za kaboni ni ndugu wa masizi ya chungu, na mwanga hauna la kuzifanya. Picha ya kaboni kwenye karatasi nzuri ya pamba itakapoanza kuharibika, karatasi ndiyo itatangulia.

Nani alianzisha mambo haya?

Wengi, lakini majina matatu utakutana nayo. Jon Cone, mchapaji wa Vermont huko Marekani, ndiye mwenye Piezography, seti za wino wa kijivu zilizotengenezwa tayari, pamoja na ile ya viwango saba iitwayo K7. Paul Roark, mpigapicha wa Marekani pia, alichukua njia ya mwenye mfuko mdogo: nunua wino mmoja mweusi wa kaboni, zimua mwenyewe, na fomula zake akaziweka wazi kila mtu azisome. Roy Harrington aliandika QuadTone RIP, programu inayoiambia printa ya Epson kila tangi litoe kiasi gani. Ninayoeleza hapa yamefuata mkondo wa Roark, pamoja na makosa yangu.

Je, Canon au HP zinafaa?

Kwa kazi hii, baki na Epson. Hedi ya Epson, yaani kichwa kinachotema wino, inausukuma kwa kijipande kinachojikunja umeme ukipita, haiupiki. Canon na HP nyingi zinauchemsha wino kwa sekunde isiyohesabika ili povu liusukume nje, na wino wenye mapishi ya nyumbani unaweza kuganda palepale. Isitoshe, QuadTone RIP imeandikwa kwa ajili ya Epson. Soma orodha ya printa inazozikubali kabla hujanunua ya mkononi kwa mtu.

Nahitaji nini?

Wino mweusi wa kaboni wa pigmenti, wa karatasi isiyong'aa. Maji ya betri. Gliserini ya duka la dawa, ile ile ya kupaka mwilini, ila iwe tupu bila manukato. Dawa ya kulainisha maji inayotumika kusuuzia filamu, kama Photo-Flo ya Kodak. Mabomba ya sindano ya ml 5, 20 na 50. Chupa safi, glavu, na kalamu ya kuandikia chupa. Utadhani utakumbuka ipi ni ipi. Hutakumbuka.

Kama unaweza kuagiza kimiminika kitupu kisicho na rangi kinachouzwa kwa ajili ya kuzimulia, agiza. Kinakuondolea nusu ya maswali yanayofuata.

Kwa nini maji ya betri? Ya bomba nayachemsha, nayachuja.

Swali hili ndilo lililoua hedi nyingi kuliko mengine yote.

Chembe za pigmenti hazielei kwa bahati. Kila moja imevikwa chaji ya umeme ya aina moja na mwenzake, kwa hiyo zikikaribiana zinasukumana, kama sumaku ukizikutanisha ncha zinazofanana. Chumvi ikiingia kwenye maji inaifunika ile chaji. Chembe zinaacha kusukumana, zinashikana, zinakuwa madonge. Kwa macho wino bado ni mweusi vilevile. Kwenye nozo, kile kitundu cha hedi kinachotoa wino, chembamba kuliko unywele, ni zege.

Maji ya kisima ya Dar es Salaam unayaonja kabisa kwamba yana chumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaizidisha, kwa kuwa yanayoondoka ni maji. Kuchuja kwa kitambaa ndiyo kabisa. Ya chupa ya kunywa yana madini pia, mengine yanaongezwa makusudi yapate ladha.

Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta ni maji yaliyokenekwa: yamegeuzwa mvuke, yakapozwa, chumvi ikabaki nyuma. Lakini soma chupa mara mbili. Kwenye rafu lile lile inakaa asidi ya betri, na wauzaji wengine wanaviita vyote viwili "maji ya betri". Mimi niliwahi kuuziwa asidi nilipoomba maji, nikaishtukia tu kwa uzito wa chupa. Asidi itakuunguza mkono, na itaukata wino papo hapo kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu.

Kimiminika cha kuzimulia nakichanganyaje?

Sehemu 90 za maji ya betri, sehemu 10 za gliserini, na matone machache ya dawa ya kulainisha maji. Ndipo pa kuanzia.

Gliserini inazuia wino kukauka kwenye nozo. Ikipungua, printa ikilala siku mbili asubuhi unakuta mistari. Ikizidi, picha haikauki: unaipanga kwenye bahasha jioni, kesho yake zimeng'ang'aniana. Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu, usipande sana juu ya 10. Mahali pakavu kama Dodoma panaweza kudai zaidi. Dawa ya kulainisha iwe kidogo mno. Ikizidi, wino unatambaa kwenye karatasi na kope za macho zinapoteza ncha.

Vipimo vya viwango sita ni vipi?

Ninavyotumia, kwa asilimia ya wino mzito (kila tangi naliita kwa rangi yake ya awali): tangi la nyeusi 100, samawati 30, zambarau-nyekundu 18, samawati hafifu 9, zambarau-nyekundu hafifu 6, njano 2. Hesabu ni ya dukani. Ukitaka ml 70 za asilimia 30, zidisha 70 kwa 0.30: unapata ml 21 za wino, na zinazobaki, ml 49, ni kimiminika kitupu. Asilimia 18 ni ml 12.6 za wino kwa 57.4. Asilimia 9 ni 6.3 kwa 63.7. Asilimia 6 ni 4.2 kwa 65.8.

Asilimia 2 ndiyo inayowaangusha watu. Ni ml 1.4 tu za wino, na tone moja likibaki kwenye shingo ya bomba la sindano umeshakosea. Izimue kutoka kwenye ile ya 18: ml 7.8 za asilimia 18, jaliza kwa 62.2 za kimiminika. Basi ile ya 18 itengeneze nyingi kidogo tangu mwanzo.

Ukijumlisha, matangi yote sita ya ml 70 yanakula kama ml 116 za wino mzito. Chupa mbili za ml 70 zinajaza printa nzima na chenji inabaki. Hapo ndipo penye faida. Bei ya maji na gliserini haifiki hata nauli ya kuvifuata.

Mimina wino ndani ya kimiminika taratibu, tingisha chupa bila kuitikisa kama kopo la rangi (povu ni adui wa hedi), kisha iache usiku kucha kabla ya kuijaza.

Naweza kuchanganya wino wa kaboni na wino wa kawaida uliobaki kwenye tangi?

Hapana. Dai na pigmenti visikutane ndani ya bomba moja. Kilichomo kwenye wino mmoja kinaweza kuvuruga chaji iliyoelezwa juu, na madonge yatatokea ndani ya hedi, mahali ambapo huwezi kufika na sindano. Hata pigmenti za kampuni mbili tofauti zijaribu kwanza kwenye chupa ya kioo: changanya kidogo, acha wiki moja, tazama chini. Kukiwa na tope lisilorudi kuelea ukitingisha, achana nazo.

Wino wa kuchorea, wino wa muhuri, tona ya fotokopi, masizi ya kusaga?

Wino mweusi wa wachoraji mara nyingi una utomvu wa laki ndani yake, ukikauka haurudi kuwa maji: hedi imekwisha. Wino wa muhuri una mafuta au vilevi ambavyo hedi haikuundiwa. Tona ni unga wa plastiki, haiyeyuki kwenye maji. Masizi unaweza kuyasaga mwezi mzima, hutayafikisha kwenye udogo unaotakiwa. Kiwandani yanasagwa hadi chembe inapimwa kwa nanomita, kisha inavikwa ile chaji. Wino mzito nunua. Cha kujifanyia ni kuzimua.

Nasafishaje printa iliyokuwa na rangi?

Kama ni mpya, ijaze kaboni tangu siku ya kwanza, umeepuka kazi yote hii. Kama imetumika: vuta wino wa zamani kwa bomba la sindano, jaza kimiminika kitupu, amuru printa ijisafishe, vuta, jaza tena. Chapa kurasa za rangi moja moja mpaka kinachotoka ni maji. Njano usipoiondoa yote, sehemu nyeupe za picha zitakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kila usafi unamwaga wino kwenye pedi iliyoko tumboni mwa printa, na printa inahesabu. Hesabu ikijaa inagoma na kudai huduma. Fundi ataifuta hesabu kwa programu, sawa, lakini mwambie abadilishe na pedi yenyewe. Kufuta hesabu peke yake ni kusubiri wino uvuje mezani.

Na waranti? Sahau.

Nikishajaza, nachapa kama kawaida?

La. Kompyuta bado inaamini tangi la njano lina njano. Ukichapa kwa dereva ya kawaida, yaani programu ya kuendeshea printa iliyokuja nayo, vivuli vitakuwa vyepesi na nyuso zitatoka na mabaka. Hapa ndipo QuadTone RIP inapofanya kazi. Bei yake ni dola 50 na haihitaji kulipiwa kila mwezi.

Kwanza unachapa ukurasa wa majaribio unaoonyesha kila tangi peke yake, kutoka kidogo hadi asilimia mia. Unatafuta mahali ambapo kuongeza wino hakuongezi weusi, na hapo unaweka kikomo. Kisha unachapa ngazi 21 za kijivu, unazipima, na programu inanyoosha mteremko. Kipimo maalumu cha kupimia rangi ni ghali, lakini skana ya mezani iliyozimiwa marekebisho yote ya kiotomatiki inafanya kazi ya kuridhisha. Usipime picha ikiwa mbichi, iache ikauke usiku mmoja.

Kazi hii ni ya siku moja kwa kila aina ya karatasi, na wengi huiruka. Ndio hao wanaorudi kuuliza kama wino wao ni feki.

Karatasi ipi?

Isiyong'aa na yenye tabaka la kupokea wino wa printa. Karatasi ya kawaida ya stesheneri inanyonya wino hadi ndani, weusi unakuwa kijivu cha jivu. Zile za glosi zinazouzwa kwa pakiti hazifai kwa wino huu kabisa: kaboni inakaa juu yake na kufutika kwa kidole. Kaboni juu ya glosi inahitaji wino mwingine, wenye utomvu wa kuishikiza.

Upande wa kuchapia ukikupotea, gusisha kona kwenye mdomo ulio na unyevu kidogo. Upande wenye tabaka unanata.

Usishangae weusi wa karatasi isiyong'aa kuonekana mpole ukiulinganisha na glosi. Ndivyo ulivyo. Weka kioo mbele yake na tofauti inapungua sana.

Mbona picha zangu zina uhudhurungi? Niliahidiwa nyeusi.

Kaboni tupu ina joto, yaani inaelekea hudhurungi, na kadiri unavyoizimua ndivyo inavyoonekana zaidi. Kwa picha za wazee mimi naiacha, inafanana na picha za kabatini. Mteja akitaka kijivu cha gazeti, toa tangi moja la kijivu, weka humo samawati ya pigmenti yenye zambarau-nyekundu kidogo, iliyozimuliwa sana, na programu iitie kwa kiasi. Miaka ikipita, ile buluu itafifia na picha itarudi kwenye hudhurungi yake bila kupoteza sura ya mtu.

Nozo zimeziba au ni macho yangu?

Swali zuri, maana mistari ya kukagua nozo kwa wino wa asilimia 2 karibu haionekani. Usiendelee kusafisha kwa kubahatisha. Chapa ule ukurasa wa matangi peke yake, angalia kipande kizito zaidi cha tangi hilo. Kikiwa na michirizi meupe, safisha mara moja, acha saa kadhaa, jaribu tena. Usafi wa mara tano mfululizo unaingiza hewa na kujaza pedi.

Pigmenti hutuama. Chapa walau mara moja kwa wiki, na kila baada ya wiki mbili tingisha matangi taratibu. Usiyainue juu ya usawa wa printa, wino utajimimina wenyewe kupitia hedi.

Nina printa moja tu, ndiyo inayonilipia pango. Niibadilishe?

Usiibadilishe. Siku ya kwanza mteja wa picha za paspoti atakapofika utakuwa na kijivu za aina sita na huna nyekundu hata tone. Tafuta ya mkononi yenye hedi nzima, kwa sababu mwili uliochakaa si hoja. Mwombe mwenyewe achape ukurasa wa kukagua nozo mbele yako, na usikubali ule aliouchapa jana.

Na nikitaka kurudi kwenye rangi?

Inawezekana, kwa usafi ule ule kinyumenyume. Ukiacha lile la nyeusi, anza na tangi lililokuwa na asilimia 30, linaacha madoa kuliko mengine. La njano, lililokuwa na asilimia 2, ndilo jepesi kusafisha lakini ndilo linalosaliti kwanza: chembe chache za kaboni zilizobaki zinaifanya njano mpya ionekane ya kijani. Chapa ukurasa mzima wa njano tupu, uuweke juani kando ya karatasi nyeupe. Ukiona ukijani, vuta, jaza kimiminika, rudia.